Nasibu, Ovyo na Bahati: Istilahi za Kukadiria Pai kwa Kompyuta

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza maneno matatu, yaani ovyo, bahati na nasibu, kwa kuyapima katika zoezi moja mashuhuri la kompyuta: kukadiria thamani ya pai kwa kutawanya nukta. Hoja inayotetewa ni kwamba uteuzi wa neno hapa si suala la ladha ya lugha. Neno lisilofaa huzaa jibu lisilo sahihi.

Pai ni uwiano wa mzingo wa duara na kipenyo chake, takribani 3.14159. Mwanafunzi wa shule ya msingi ya serikali nchini Tanzania hukutana nayo kwa Kiswahili, pamoja na duara, kipenyo na eneo. Somo la uwezekano, ambalo ni nusu ya pili ya zoezi hili, humngoja sekondari, ambako hisabati hufundishwa kwa Kiingereza. Matokeo yake ni msemaji mwenye istilahi za umbo lakini asiye na istilahi za tukio.

2.0 Sinia juu ya meza

Ichukuliwe meza ya mraba ya mchuuzi wa nafaka katika soko la Kariakoo, na juu yake sinia la duara linalogusa kingo zote nne. Eneo la sinia ni eneo la meza likizidishwa kwa pai na kugawanywa kwa 4. Iwapo punje za mtama zitaiangukia meza bila kupendelea sehemu yoyote, katika kila punje 100 yatarajiwa 78 au 79 ziangukie siniani. Idadi hiyo ikigawanywa kwa punje zote, kisha ikazidishwa kwa 4, hupatikana kadirio la pai.

Sasa mchuuzi huyo na aambiwe azitupe punje "ovyo ovyo". Hata akifumba macho, mkono wake utaelekea katikati, maana hakuna mchuuzi apendaye nafaka yake imwagike chini. Punje 85 zikiingia siniani, pai itakuwa 3.4. Kosa si la mkono peke yake. Limo katika agizo lenyewe. Ovyo ni kukosa mpango, na kukosa mpango hakuahidi usawa. Bahati, neno lenye asili ya Kiajemi, lina kasoro nyingine: huambatana na mtu, ambaye anayo au hana. Nukta haina bahati.

Nasibu lina asili ya Kiarabu, ambako maana yake ni fungu, yaani sehemu anayopata mtu. Maana hiyo ya awali ndiyo inayohitajika. Kariakoo nyanya hupangwa kwa mafungu, na kila fungu lina bei yake. Vivyo hivyo, nukta zilizotawanywa kwa nasibu huipa kila sehemu ya mraba fungu lake kwa kadiri ya eneo lake. Tena neno hili si geni kwa wanataaluma: tasnifu zinazoandikwa kwa Kiswahili hutaja usampulishaji nasibu. Kikwazo ni bahati nasibu, ambayo imeyafanya maneno hayo mawili yaonekane kama kulwa na doto. Lakini hata jina la kimataifa la njia hii lilitoka kwenye kamari. Metropolis na Ulam, katika makala yao ya 1949, waliiita njia ya Monte Carlo, kwa jina la mtaa wa kasino huko Monaco. Jina hilo na libaki lilivyo. Kariakoo lenyewe ni umbo ambalo vinywa vya wenyeji vililipa jina la Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, na hakuna anayedai litafsiriwe.

3.0 Agizo kwa kompyuta

Kwa wepesi hutumika robo ya duara ndani ya mraba wenye upande wa 1:

NDANI = 0
rudia mara N:
    chagua x kwa nasibu kati ya 0 na 1
    chagua y kwa nasibu kati ya 0 na 1
    ikiwa x² + y² ≤ 1, ongeza 1 kwenye NDANI
PAI = 4 × NDANI ÷ N

Kompyuta haina mkono unaoelekea katikati. Hata hivyo, namba zake kwa kawaida hutokana na kanuni inayoanzia kwenye namba moja, ambayo yafaa kuitwa mbegu. Mbegu ileile huzaa mfululizo uleule. Kuziita namba hizo "za ovyo" ni kinyume cha mambo, kwani zimepangwa kuliko punje zozote. Kinachotakiwa kwao ni ule usawa wa mafungu, na hiyo ni nasibu ya kuiga.

Kosa la kadirio hupungua kwa kadiri ya kipeuo cha pili cha N. Ili lipungue mara 10, nukta hazina budi kuongezwa mara 100. Nukta 10,000 huacha kosa sanifu la takribani 0.016, na nukta 1,000,000 huacha 0.0016. Sehemu ya 22/7, anayoikariri mtoto wa shule ya msingi, huikosea pai kwa 0.0013 tu. Hivyo, nukta milioni moja zitashindwa na mtoto huyo katika takribani asilimia 44 ya majaribio.

Faida ya njia hii iko kwenye maumbo yasiyo na sehemu ya kukariri. Bonde la Msimbazi, jirani na Kariakoo, ni mfano. Nukta za nasibu zikitawanywa juu ya picha ya angani iliyopigwa wakati wa mafuriko, fungu linaloangukia majini hukadiria eneo lililofunikwa. Msaidizi atakayeagizwa aziweke nukta hizo "ovyo" ataelekea kuziweka kando ya barabara anazozifahamu.