Sindano ya steroidi kwa mgonjwa wa kisukari

SWALI: Daktari, mama yangu ana kisukari na anasubiri upasuaji wa mfuko wa nyongo. Tumeambiwa atachomwa sindano ya steroidi ili asitapike. Nasikia dawa hiyo hupandisha sukari na kuchelewesha kidonda kupona. Tuikatae?

JIBU: Hofu yenu ina msingi, ila msiikatae kwa sababu hiyo pekee. Dawa inayotumika zaidi ni deksamethasoni, ambayo si ya kundi moja na steroidi za kutunisha misuli. Hulifanya ini limwage sukari zaidi kwenye damu, na misuli nayo ikawa mizito kuitikia insulini. Sukari huanza kupanda baada ya saa chache, ikazidi jioni au usiku, kisha kwa kawaida hushuka baada ya siku moja au mbili. Anayemeza prednisoloni, steroidi ya vidonge, miezi mingi kweli vidonda vyake hupona kwa shida. Kosa ni kumhesabia hali hiyo mtu aliyechomwa miligramu 8 mara moja tu.

Jambo hilo limepimwa. Utafiti wa PADDI, uliotolewa mwaka 2021, ulifuatilia wagonjwa zaidi ya 8,700 wa Australia, Afrika Kusini na kwingineko, wakiwemo wenye kisukari. Vidonda vilipata maambukizi kwa asilimia 8.1 ya waliochomwa deksamethasoni, na asilimia 9.1 ya waliochomwa dawa bandia. Hata kwa wenye kisukari deksamethasoni haikuonekana kuongeza maambukizi, na kichefuchefu kilipungua. Faida hiyo si ndogo: mgonjwa wa kisukari anayetapika hali chakula, dawa zake huvurugika, na akiwa ametumia insulini sukari yaweza kushuka kwa hatari. Tena upasuaji wenyewe huamsha homoni zinazopandisha sukari, sindano iwepo isiwepo.

Mtu atauliza: hospitali za utafiti huo si zile zenye kila kitu? Pingamizi hilo nalikubali kwa sehemu kubwa. Utafiti huo haukuwachukua wenye kisukari kilichoachwa bila kudhibitiwa, yaani wenye HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya miezi michache) inayozidi asilimia 9. Kama mama amezidi kiwango hicho, na upasuaji si wa dharura, daktari anaweza kushauri sukari ishushwe kwanza. Na wodi inayopima sukari asubuhi tu haitaona sukari ikipanda usiku. Kwa hiyo mwombeni muuguzi ampime mchana, jioni na usiku wa siku ya upasuaji, na siku inayofuata pia. Sukari ikizidi 10 mmol/L, daktari aitwe aamue kuhusu insulini; msimwongezee vidonge wenyewe. Mtaalamu wa usingizi naye aambiwe mapema dawa zote anazotumia mama. Kama zimo steroidi za pumu au baridi yabisi, asiziache ghafla: mwili uliozizoea unaweza kuishiwa nguvu kwenye meza ya upasuaji.