Saa ya Ukutani na Saa ya Prosesa

Nilipokuwa chuoni niliruhusiwa kutumia klasta, yaani kompyuta nyingi zilizounganishwa ili zisaidiane kazi. Watumiaji ni wengi, kwa hiyo kila kazi huwekewa kikomo cha muda. Msimamizi wa foleni yetu alikuwa programu iitwayo PBS.

Hesabu zangu za mvua zilihitaji saa 2. Nikaandika cput=02:00:00, nikaenda kulala kwa raha. Asubuhi nikakuta kazi imekatwa baada ya nusu saa tu, na siku ile ndiyo ya kumpelekea mwalimu majibu!

Kumbe kosa lilikuwa langu. Cput ni jumla ya muda ambao prosesa zote zimefanya kazi. Mimi nilitumia prosesa 4. Dakika 30 mara 4 ni saa 2. Vibarua wanne wakilima kwa saa moja, saa ya ukutani yaonyesha moja, lakini mwenye shamba hulipa saa nne. Muda wa saa ya ukutani huandikwa walltime.

Tangu hapo hufanya hivi. Kwanza, hujaribu sehemu ndogo ya kazi na kuipima. Pili, huzidisha muda kwa idadi ya prosesa. Tatu, huongeza akiba kidogo. Nne, huiagiza programu ihifadhi majibu mara kwa mara, ili ikikatwa nisianze upya.

Zoezi: Prosesa 6 zafanya kazi kwa dakika 40. Cput isipungue ngapi?

Jibu: 04:00:00.