BESI NA DHORUBA: FUNZO KUTOKA ZIWANI

Wahenga walinena kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Methali hiyo niliikariri darasani, nikapata alama zangu, nikaisahau. Aliyenifunza maana yake ni mjomba wangu, mvuvi wa Ziwa Naivasha, naye hakutumia ubao wala chaki.

Kwanza tumjue samaki mwenyewe. Besi si mwenyeji wa Kenya. Asili yake ni Amerika Kaskazini, na aliletwa Naivasha wakati wa ukoloni kwa ajili ya mchezo wa kuvua kwa ndoana. Ana mdomo mpana, na hupenda kujibanza penye magugu au magogo akivizia mawindo. Tena ni mnyama wa damu baridi: maji yakipoa, mwili wake hupoa, na hamu ya kula hupungua.

Huko Marekani, hewa baridi hushuka kutoka kaskazini na kuisukuma hewa yenye joto. Wavuvi wa huko huigawa hali hiyo mara tatu:

1. Kabla ya baridi kufika: Mgandamizo wa hewa hushuka, mawingu hutanda na upepo huyatibua maji. Besi hutoka mafichoni na kula kwa pupa.

2. Dhoruba yenyewe: Mvua, radi na umeme. Hata kama samaki wanakula, mvuvi mwenye akili yuko nchi kavu.

3. Baada ya dhoruba: Mbingu hutakata, jua huwaka lakini baridi ni kali. Besi hujificha ndani ya magugu mazito au kwenye kina, wala hataki kufukuzana na chambo. Hapo mvuvi hutumia chambo kidogo na kukivuta polepole mno, karibu na maficho.

Mvua pia ina bahati yake. Tarehe 2 Juni 1932, mkulima kijana wa Georgia, George Perry, alienda kuvua kwa sababu, kama isimuliwavyo, mashamba yalikuwa yamelowa mno. Alinasa besi wa kilo 10 hivi. Rekodi hiyo ilikuja kufikiwa na Manabu Kurita wa Japani mwaka wa 2009.

Sisi Naivasha hatuna baridi ya namna ile, lakini dhoruba za masika tunazo. Likizo moja ya Aprili nilikuwa na deni la karo, kwa hivyo nikaandamana na mjomba ziwani. Mawingu yalipoanza kujikusanya, besi wakawa wanavuta mshipi kama waliotumwa. Kwa muda mfupi tulikuwa na wanne. Mara umeme ukamulika.

"Hesabu," mjomba akaniambia.

Nilifika tisa, ngurumo ikasikika. Sauti huchukua kama sekunde tatu kusafiri kilomita moja, kwa hivyo radi ilikuwa kilomita tatu tu kutoka kwetu.

"Mjomba, mmoja tu! Karo bado."

"Karo hulipiwa aliye hai. Laza hiyo fimbo, shika kasia. Hii mvua haichezi na mtu."

Nilipiga kasia huku nimenuna. Tulipokanyaga ufuo, upepo ulivuma kwa hasira, ukasukuma kisiwa cha mafunjo yanayoelea hadi kikaziba njia ile ile tuliyopitia. Tungekawia kidogo, tungefungiwa nje pamoja na mawimbi na radi. Nilikosa la kusema. Tulingoja nusu saa nzima baada ya ngurumo ya mwisho, kisha tukarudi nyumbani, si majini.

Kesho yake mbingu ilikuwa safi kama kioo. Nilirusha na kuvuta ndoana kwa pupa hadi mkono ukauma, nisipate kitu. Mjomba alifunga mnyoo mdogo, akautua kando ya mafunjo, akanyamaza. Alipata wawili. "Leo samaki hana haraka," akasema, "wewe haraka ya nini?"

Nilirudi shuleni nikiwa bado na deni, lakini nikiwa mzima.

Basi msomaji, ukienda majini, beba ndoana, mshipi, chubwi na chambo. Lakini kabla ya hayo yote, inua macho utazame mawingu. Samaki huyasoma bila kwenda shule. Sisi tuliosoma tusishindwe naye.