Kupanga Upya Tovuti ya Chuo: Somo la Mpangilio kwa Walimu Wanafunzi

Utangulizi

Miaka michache iliyopita, katika chuo kimoja cha ualimu mkoani Singida tulikopata kufundisha, alifika kijana mmoja kutoka wilaya ya Mkalama akiwa na sanduku la bati na godoro. Alikuwa amechelewa kwa siku tisa. Usajili ulikwisha kufungwa. Alipoulizwa, alitoa simu akatuonyesha tovuti ya chuo chenyewe. Tarehe aliyoifuata ilikuwa pale, imeandikwa waziwazi, ila ilikuwa ya mwaka uliotangulia. Tarehe sahihi ilikuwamo katika ukurasa mwingine wa tovuti hiyo hiyo. Kijana yule alirudi kwao kungoja mwaka mwingine. Sisi tuliokuwa katika kamati ya matangazo tulibaki tukitazamana, kwa maana kosa halikuwa lake.

Makala haya yanaeleza jinsi tovuti ya chuo, au ya shule kuu iliyo ndani ya chuo kikuu, inavyoweza kupangwa upya kwa mfumo wa kisasa wa kusimamia maudhui. Rai yetu ni moja: kazi hii si ya fundi wa kompyuta peke yake. Ni kazi ya ualimu, kwa kuwa kiini chake ni kumpangia msomaji maarifa kwa utaratibu ambao ataweza kuufuata bila mwalimu kuwapo.

Mfumo huu ni kitu gani?

Tovuti ya kwanza duniani ilitengenezwa na Tim Berners-Lee katika taasisi ya CERN, Uswisi, nayo ilianza kufikiwa na watu wa nje ya taasisi hiyo mwaka 1991. Kurasa za wakati ule ziliandikwa moja moja, maneno yakichanganyika na alama za kuyapa umbo. Aliyetaka kubadili tarehe iliyoandikwa katika kurasa kumi ilimlazimu kufungua kurasa zote kumi. Hali ya tovuti ya chuo tulichokitaja ilikuwa hiyo hiyo. Fundi aliyeitengeneza alikuwa amehamia mji mwingine, na hapakuwa na aliyejua ni kurasa ngapi zilizobeba tarehe ile.

Mfumo wa kusimamia maudhui hutenganisha vitu viwili. Maneno hutunzwa katika hifadhidata. Umbo la ukurasa hutunzwa katika kiolezo. Mfano wake ni ubao wa matangazo: ubao hubaki ukutani, karatasi hubadilishwa, wala hakuna haja ya kumwita seremala kila tangazo linapobadilika. Tarehe ikihifadhiwa mahali pamoja, na kurasa zote zikaichukua hapo, kuisahihisha mara moja kunatosha. Lakini yafaa ikumbukwe kwamba mfumo hauleti faida hiyo wenyewe. Mwandishi akiiandika tarehe upya katika kila ukurasa, maradhi yatakuwa yale yale.

Mifumo mitatu inayojulikana sana, ambayo programu zake hupatikana bure, ni Drupal iliyotolewa mwaka 2001, WordPress ya mwaka 2003, na Joomla ya mwaka 2005. Jina la huu wa mwisho limetokana na neno letu «jumla».

Hapa nchini tunao mfano mkubwa. Mwaka 2017 zilizinduliwa tovuti za mikoa na halmashauri za Tanzania Bara, Singida ikiwamo, zikiwa zimejengwa juu ya kiunzi kimoja kilichoandaliwa na Wakala ya Serikali Mtandao, ambayo kwa Sheria ya mwaka 2019 iligeuzwa kuwa Mamlaka. Mtu aliyeizoea tovuti ya halmashauri moja hakupotea alipofungua ya nyingine. Faida ya kiolezo cha pamoja ni hiyo.

Hatua za kazi

1. Kuhesabu kilichopo. Kabla ya kugusa kompyuta, wanachuo waorodheshe kila ukurasa wa tovuti ya zamani: unahusu nini, umeandikwa lini, nani anaujua ukweli wake. Kila ukurasa upewe hukumu moja kati ya tatu: ubaki, urekebishwe, au uondolewe.

2. Kupanga kwa kadi. Hapa ndipo penye uzito wa somo. Kateni maboksi yapatikane kadi 30. Katika kila kadi andikeni jambo moja: ada, sare, tarehe ya kufungua, kozi, sifa za kujiunga, njia ya kufika. Kisha waiteni watu wasio wa ofisini, kama vile mzazi, mwanachuo wa mwaka wa kwanza, au mlinzi wa lango, wazipange katika mafungu na kuyapa majina wao wenyewe. Aghalabu vyuo hupanga tovuti kwa kufuata idara na vyeo vyake. Msomaji hajui idara, ana swali. Shule kuu ya chuo kikuu huingia zaidi katika mtego huu, kwa sababu ina idara kadhaa na kila moja hutaka mlango wake. Mafungu yatakayotokana na kadi ndiyo yawe milango ya tovuti mpya.

3. Kuchagua kiolezo chepesi. Msomaji wetu wa Iramba au Manyoni aghalabu hutumia simu, naye hununua bando kwa fedha yake. Tufanye hesabu: picha 15 za megabaiti 4 kila moja ni megabaiti 60, zikipunguzwa hadi megabaiti 0.2 kila moja, jumla ni 3 tu. Tena tangazo lisiwekwe kama picha ya karatasi. Liandikwe kwa maneno, ili programu zinazowasomea wasioona ziweze kulitamka.

4. Kuhamisha maudhui. Kila anwani ya zamani ielekezwe kwenye ukurasa mpya unaohusika, ili aliyeihifadhi asikute mlango uliofungwa. Majina, namba za simu na picha za wanafunzi visihamishwe kwa mazoea. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 hapana budi izingatiwe.

5. Kujaribu. Mpe simu mpishi wa chuo, umwambie: «Tafuta siku ya kuripoti.» Kisha nyamaza. Usimwelekeze kwa kidole wala kwa macho. Mahali anapokwama ndipo penye kosa letu, kama vile darasa zima likishindwa swali moja twapaswa kulitazama upya andalio la somo.

6. Kukabidhi. Mfumo huruhusu kugawa madaraka: mwandishi huandika, mhariri hupitisha, msimamizi hulinda mitambo na nakala za akiba. Nywila isiwe mali ya mtu mmoja. Kila tangazo lenye tarehe liwe na mwenye kuliangalia, na siku ya kuliondoa iandikwe tangu mwanzo.

Hitimisho

Tovuti mpya yaweza kupendeza macho na bado ikampoteza msomaji. Kipimo chake si rangi wala picha zinazotembea, bali ni kama kijana wa kijijini ataipata tarehe iliyo ya kweli kabla hajafunga godoro lake. Chuo chetu kilipofanya kazi hii hatimaye, tarehe ya kuripoti ilihifadhiwa mahali pamoja tu. Lilikuwa jambo dogo, lakini tulilijua kwa gharama iliyolipwa na mtu mwingine.

Mazoezi

(a) Fungueni tovuti ya Mkoa wa Singida na ya halmashauri moja ya mkoa huo. Ni mambo gani yamepangwa sawa, na yapi yametofautiana?

(b) Tengenezeni kadi 20 za habari za shule mnayofanyia mazoezi ya kufundisha, muwape wazazi watatu wazipange. Linganisheni mafungu yao na yenu.

(c) Andikeni andalio la somo la dakika 40 la kuwafundisha wanafunzi wa darasa la sita kupanga habari za ubao wa matangazo wa shule, bila kutumia kompyuta.