Omani, Nchi ya Milima na Bahari

Katika mji wa Ujiji, kando ya Ziwa la Tanganyika, iko miembe mikongwe. Wazee husema kwamba ilipandwa zamani za misafara ya Waarabu. Wengi wa Waarabu hao asili yao ni Omani. Basi leo na tuitazame nchi hiyo, tupate kujua ilivyo.

Omani iko upande wa kusini-mashariki wa Bara Arabu, na mji wake mkuu ni Maskati. Msafiri aingiaye bandarini kwa chombo huona majabali makavu yaliyosimama karibu na maji, na juu yake ngome mbili, Jalali na Mirani, zilizojengwa na Wareno. Wareno hao walifukuzwa mwaka 1650.

Nyuma ya pwani iko safu ya milima ya Hajar. Kilele chake kirefu, Jabali Shamsi, chapata mita 3,000. Karibu yake ni Jabali Akhdhar, maana yake Mlima wa Kijani. Huko hulimwa makomamanga, na mawaridi ambayo hupikwa kupata marashi. Lakini mvua ni haba. Kwa hiyo watu walichimba mifereji, iitwayo falaji, iletayo maji toka milimani hata mashamba ya mitende. Kila mwenye shamba ana zamu yake. Zamani zamu hiyo ilipimwa mchana kwa kivuli cha jua, na usiku kwa nyota.

Mtoto wa Ujiji aendapo ziwani na ndoo yake hapimiwi maji kwa nyota. Ziwa lake lina urefu wa kilometa 670 hivi, na kina cha mita 1,470. Milima ya Mahale nayo yashuka hata ukingoni, ila yenyewe imevaa misitu, na sokwe wamo.

Burton na Speke walipofika Ujiji mwaka 1858, waliwakuta Waarabu wamekwisha tangulia. Walitafuta pembe za ndovu na watumwa. Watumwa walitembezwa kwa miguu hata pwani, zaidi ya kilometa 1,000, na wengi walikufa njiani. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873.

Basi tupitapo chini ya miembe ile, tukumbuke mambo mawili: watu wa nchi kavu waliojua kugawana maji kwa haki, na watu wetu ambao haki hiyo walinyimwa.

Maswali
1. Falaji ni kitu gani?
2. Milima ya Hajar na ya Mahale yafanana kwa nini, na yatofautiana kwa nini?