SOMO: UGONJWA WA AKILI UNATIBIKA, LAKINI NANI ATAMFIKISHA MGONJWA?



Majirani zetu Wagisu tunaochota nao maji hapa Kiryandongo hawakuja kwa kupenda. Tarehe 1 Machi 2010 mlima uliporomoka juu ya Nametsi, wilaya ya Bududa, ukazika nyumba, maduka na hata kituo cha afya pamoja na watu waliokuwa wamejikinga mvua humo. Mamia walikufa. Mwaka huohuo serikali ilianza kuzihamishia huku familia zilizonusurika. Sisi tulikimbia bunduki na mapanga, wao walikimbia udongo. Lakini mvua kubwa ikianza usiku, wapo miongoni mwao wanaotoka nje na watoto mikononi, ingawa hapa hakuna mlima. Wapo na miongoni mwetu wanaoruka kitandani pikipiki ikipiga mshindo. Kwa hiyo somo hili ni la pande zote mbili.

Leo tutaanzia kwao, Wanale. Huo ni ukuta wa mwamba, sehemu ya mlima Elgon, unaosimama juu kabisa ya mji wa Mbale. Huko juu watu wanalima kahawa, ndizi na vitunguu. Chini mjini iko hospitali ya rufaa ya Mbale, nayo ina wodi ya wagonjwa wa akili. Mtu aliye ukingoni mwa mlima anayaona mabati ya mji. Sasa fikiri: una kaka ambaye halali siku ya nne, anasikia sauti, anasema jirani amemtilia sumu. Utamshushaje? Njia ya miguu ni ya mawe na mteremko mkali. Bodaboda hawataki kumbeba mtu anayepiga kelele, na akikubali mmoja anataka nauli ya watu watatu, maana lazima wawili wamshike. Siku nzima ya shamba imepotea. Mkirudi na dawa za mwezi mmoja, mwezi ujao safari ni ileile. Wengi huacha katika safari ya pili au ya tatu, si kwa sababu hawampendi mgonjwa wao. Wamechoka na pesa zimekwisha.

Zamani ilikuwa mbali zaidi. Hospitali ya Butabika, jijini Kampala, ilifunguliwa mwaka 1955, na kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa tegemeo la nchi nzima kwa ugonjwa wa akili. Kutoka Mbale ni zaidi ya kilomita 200. Aliyepelekwa Butabika kijijini walimhesabu kama aliyekwenda ng'ambo. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2018, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1964, inataka matibabu haya yapatikane pia katika vituo vya afya vya msingi, karibu na watu. Hilo ni jambo la kulijua na kulitaja unapofika kituoni. Usikubali kuambiwa kwamba ugonjwa wa akili si kazi ya kituo cha afya.

Lakini sheria haimbebi mgonjwa. Tazama usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilipofurika ikashuka Mbale na kuua watu zaidi ya 20. Baada ya msiba kama huo watu hugawiwa mablanketi, sufuria na unga. Ni vizuri. Ila mama aliyeona mtoto wake akichukuliwa na maji, hapangi foleni kuomba dawa ya huzuni. Anakaa ndani. Ni jirani atakayegundua kwamba jikoni kwake hapajawashwa moto siku mbili.

Hapo ndipo penye kazi yetu, na si maneno matupu, imejaribiwa hapahapa Uganda. Katika wilaya za Masaka na Rakai, ambako UKIMWI ulikuwa umemaliza watu wengi, watafiti walikwenda kwanza kuwauliza wanavijiji wenyewe: huzuni hii ninyi mnaiitaje? Wakajibiwa kwa Kiganda kwamba ipo ya kujihurumia, okwekubagiza, na ipo ya kujichukia, okwekyawa, ambapo mtu anajiona hana faida ya kuishi. Kisha vikaundwa vikundi katika vijiji 15, wanawake peke yao na wanaume peke yao, na vijiji vingine 15 vikawa vya kulinganisha. Viongozi wa vikundi hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa eneo hilohilo waliofundishwa kwa wiki mbili. Kila wiki kikundi kilikaa saa moja na nusu, kwa wiki 16. Walizungumza mambo kama msiba, ugomvi na mabadiliko ya maisha. Mmoja anaeleza lililompata wiki hiyo, wenzake wanamwuliza atafanya nini, wiki inayofuata wanamwuliza kama amefanya.

Matokeo yalitangazwa mwaka 2003. Kabla ya kuanza, watu 86 katika kila 100 wa vikundi vile walikuwa na ugonjwa wa huzuni. Mwishoni walibaki kama 6 au 7. Katika vijiji visivyokuwa na vikundi walibaki karibu 55 kutoka 94. Angalieni hilo pia: wengine hupona wenyewe kwa muda. Lakini tofauti ni kubwa mno.

Mfano wa pili unatuhusu zaidi, kwa kuwa waliofanya kazi walikuwa wakimbizi kama sisi. Katika makazi ya Nakivale, wakimbizi walifundishwa kuwasikiliza Wanyarwanda na Wasomali waliokuwa wakiota vita kila usiku. Njia mojawapo ilikuwa kumsaidia mtu asimulie maisha yake yote kwa mpangilio, tangu kuzaliwa, mpaka lile jambo baya likae mahali pake katika habari nzima badala ya kumrukia ghafla. Utafiti huo, uliotolewa mwaka 2008, ulionyesha kwamba miezi tisa baadaye kiasi cha watu 70 kati ya 100 walikuwa hawana tena ugonjwa ule. Na Rhino Camp, mkoa wa West Nile, wanawake wakimbizi 694 kutoka Sudan Kusini walihusishwa katika jaribio jingine. Walioingia kwenye vikundi walisikiliza mafundisho yaliyorekodiwa, mara tano, saa mbili kila mara, na kupewa kitabu cha picha kwa ajili ya wasiojua kusoma. Waliojiunga walipata nafuu kuliko wasiojiunga. Utafiti ule ulikuwa wa wanawake tu. Nasi wanaume tunajua tunakoipeleka huzuni yetu: kwenye waragi.

Nataka niseme kidogo juu ya jina. Ukitangaza hapa kambini kwamba kuna "ushauri nasaha", watu wanafikiri ni kupima UKIMWI, hawaji. Ukitangaza "wagonjwa wa akili waje", ndiyo kabisa. Sisi tunasema tu "kikao cha majirani". Mtu ana haki ya kuketi bila kubandikwa jina.

Hata hivyo vikundi havitibu kila kitu, na hapa naomba msome polepole.

Anayesikia sauti, anayeongea maneno yasiyoshikamana, anayevua nguo hadharani au asiyelala siku nyingi huku ana nguvu za ajabu, huyo anahitaji dawa. Mpelekeni kituo cha afya. Kumfunga kamba au mnyororo ndani ya nyumba kunamtia vidonda na hakumponyi. Najua familia zinazofunga hazifungi kwa ukatili, zinaogopa atapotea au ataumiza mtu. Basi iteni mwanakijiji wa afya, yule tunayemwita VHT, na watu wawili ambao mgonjwa anawaamini, mumpeleke pamoja mchana, mapema.

Kifafa nacho hutibiwa na wahudumu haohao, na wengi hawajui. Povu la mgonjwa haliambukizi. Akianguka, ondoa moto, mawe na maji karibu naye, mlaze ubavu, legeza nguo shingoni, usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni. Ikipita dakika tano hajatulia, au akianguka tena kabla hajazinduka, ni safari ya hospitali. Dawa ya kifafa humezwa kila siku, hata asipoanguka mwaka mzima. Kuiacha ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokatika, na hilo huua.

Mlevi wa kila siku pia asiamriwe kuacha pombe siku moja. Anayeanza kutetemeka, kutokwa jasho na kuona vitu visivyokuwapo baada ya kuacha, yuko hatarini, apelekwe kwa mganga wa kituo haraka.

Na mtu akisema amechoka kuishi, msimcheke wala msimtishe. Mwulizeni wazi kama anafikiri kujiua. Kumwuliza hakumpandi wazo hilo kichwani. Asiachwe peke yake usiku huo, na dawa za shamba na kamba ziondolewe nyumbani.

Sasa nauli. Vikundi vyetu vya akiba vina visanduku vyenye kufuli tatu, na vingi vina mfuko mdogo wa misiba. Pendekezo langu ni kwamba sehemu ya mfuko huo iwe ya safari ya mgonjwa wa akili na ya kifafa, maana tukingoja tutautumia kwa mazishi yake. Familia tano zenye wagonjwa waliotulia zinaweza kupanga zamu, mtu mmoja aende na madaftari matano ya matibabu kuchukua dawa. Ulizeni kliniki kwanza kama wanakubali na ni mara ngapi mgonjwa mwenyewe lazima aonekane. Daftari litunzwe ndani ya mfuko wa plastiki, lisilowe. Bila daftari mnaanza upya, na mhudumu mgeni hajui ni dawa gani iliyomkubali.

Kikao cha majirani cha wanawake ni Jumanne saa tisa alasiri, cha wanaume ni Alhamisi saa kumi, chini ya mwembe nyuma ya shule. Wagisu, Wakenya, Wakongo, Wasudani, wote mnakaribishwa. Hatuandiki majina. Kila mtu aje na kiti chake au mkeka.