Nikeli Safi na Betri ya Taa Yangu

Taa yangu ya jua ilikataa kuwaka karibu na mitihani. Nilipoifungua nikaona betri ndogo yenye herufi NiMH. Ni ndiyo alama ya nikeli, elementi namba 28. Nikafurahi mno, maana udongo wa Musongati, huku kwetu kusini mashariki ya Burundi, una nikeli nyingi iliyogunduliwa miaka ya 1970. Nikamwambia mwalimu wetu wa Kemia kwamba ingetosha kuuchimba tukatengeneza betri zetu wenyewe. Akaniuliza, “Na chuma utakipeleka wapi?” Nikanyamaza. Haya niliyaokota vitabuni baadaye.

Betri ya namna ile ina pande mbili, na katikati maji makali ya potasi. Upande mmoja ni haidroksidi ya nikeli. Upande wa pili ni mchanganyiko wa metali unaofyonza hidrojeni kama sifongo, na huo nao kwa kawaida una nikeli nyingi. Taa ikiwaka, hidrojeni huhama kutoka kwenye sifongo kwenda kwenye nikeli, na umeme hupita katika waya. Tukichaji, hidrojeni hurudishwa. Safari hiyo hurudiwa mara mamia.

Lakini chuma kidogo kikichanganyika na ile haidroksidi, wakati wa kuchaji maji huanza kutoa mapovu ya oksijeni upesi kabla nikeli haijashiba. Jua la mchana kutwa huishia katika mapovu. Na wekundu wa udongo wa Musongati ni nini, kama si kutu ya chuma? Katika udongo wa namna hii nikeli ni sehemu 1 au 2 tu katika 100, na chuma huizidi mara nyingi.

Njia ya kuitakasa iliyonipendeza kuliko zote ni ya Ludwig Mond na wenzake, ya mwaka 1890. Nikeli chafu hupulizwa gesi ya kaboni monoksidi katika joto la digrii 50 hivi. Nikeli hugeuka gesi, ikaondoka! Chuma hakifuati kwa wepesi. Gesi ile ikipashwa hadi digrii 230 hivi, huiacha nikeli safi kupita 99.9 katika 100. Kiwanda cha Clydach, Wales, kilianza kazi hiyo mwaka 1902. Asithubutu mtu kuijaribu katika maabara yetu: gesi ile ni sumu ya kuua.

Ila Mond alianza na metali, si udongo. Udongo mwekundu hupikwa kwa asidi ya salfuri katika mitungi yenye kani kubwa, digrii 250 hivi, kama walivyofanya huko Moa, Kuba, tangu mwaka 1959. Nikeli hubaki katika maji. Chuma kingi hutuama kikawa kutu tena. Maji yale yakisafishwa zaidi hutoa fuwele za salfeti ya nikeli, na viwanda vya betri huzitumia hizo.

Nikamrudia mwalimu na jibu langu. Akachukua chaki akapiga hesabu: udongo wenye sehemu 1 katika 100, basi tani 1 ya nikeli huacha tope la tani 99, pamoja na asidi. “Na hilo?” akauliza. Bado nalisoma.

(Taa yenyewe ilikuwa imekatika waya tu.)